Hedi Mbili za Gari la Baba

4 Machi

Mvua imeanza, na gari la baba limeanza kutoa moshi mweupe.

Mdogo wangu, Haraka, alipoliwasha asubuhi, moshi ulitoka kwenye eksozi ukiwa mnene na laini, ukatambaa juu ya matope hadi mlangoni mwa gereji. Badala ya kushtuka nilisimama na kikombe changu mkononi nikiutazama. Ulikuwa na harufu tamu kidogo. Haraka akazima injini.

"Dada, umelala umesimama?"

"Nimeona. Inakunywa maji."

Injini ikinywa maji, mara nyingi gasketi ya hedi, ile karatasi ngumu ya kuziba chini yake, imeungua. Naandika kana kwamba namweleza shangazi, ambaye huuliza kila kitu mara mbili. Hedi ni kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya silinda. Ndani yake mna vijia: kwa kimoja injini huvuta hewa, kwa kingine hutoa moshi. Gari la baba lina silinda sita, tatu kushoto na tatu kulia, kwa hiyo lina hedi mbili. Lazima zote zifunguliwe.

5 Machi

Mvua. Tumesukuma gari ndani.

6 Machi

Nyumba yetu iko juu ya mteremko, gereji iko chini barabarani. Kila jioni mimi hutangulia kwa miguu ili nimpokee shangazi zamu ya kukaa na mama, kisha Haraka hufunga gereji na kupanda na gari. Mama akilisikia likibadili gia kwenye kona ya ukuta, huacha alichoshika, huweka sawa kitambaa cha kichwa, husema, "Baba yenu amerudi."

Baba alifariki mwaka juzi. Mama alijua, alilia kuliko sisi sote, kisha taratibu akaanza kusahau: kwanza majina ya majirani, halafu vyumba vya nyumba yake mwenyewe, halafu hilo. Haraka akiingia, mama humpokea mfuko, humwita "mume wangu", humwuliza kazi ilikwendaje. Nilimwambia mdogo wangu tangu mwanzo: usimbishie, mwitikie tu. Basi hukaa kwenye kiti cha baba na kuitikia, na mama hula akiwa ametulia. Ni saa nzuri kuliko zote nyumbani kwetu. Hata mimi, gari likifika pale konani, hufumba macho kidogo. Uchovu wa kutwa.

Leo hakukuwa na mlio wowote ila mvua kwenye bati. Mama alikaa na sahani mbele yake. "Baba yenu amechelewa," alisema. Akasema tena. Chakula kikapoa.

9 Machi

Tumefungua hedi zote mbili. Gasketi ya kulia imeungua mahali padogo tu, kama ukingo wa karatasi uliopitiwa na mshumaa. Kwa kitu kidogo namna hiyo gari zima limelala.

Baba alikuwa na taratibu zake, na sisi tunazifuata kama alivyotuachia. Injini ikiwa na hedi mbili, hufanywa na watu wawili, kila mmoja na yake. Kabla ya kufunga, wanabadilishana: unachukua ya mwenzio, unaweka mdomo kwenye kijia cha hewa, unapuliza na kusikiliza. Kijia kizuri kinatoa mvumo wa chini, sawasawa, na ndugu zake wanatoa mvumo uleule. Kikikoroma, kuna kazi haijaisha. Na kwa kuwa gereji ina kelele na baba hakupenda kupayuka, alitumia rangi ya bluu. Palipopakwa bluu panakatwa. Pasipopakwa, usipaguse hata kwa kucha.

Kulia ni yangu. Kushoto ni ya Haraka.

Nilikuwa nasafisha yangu kwa mafuta ya taa aliposema, kama mtu anayeongea na ukuta, "Kwa kuwa zimeshafunguliwa, dada, si tuzipanue?"

Kuzipanua maana yake ni kusaga vile vijia kwa ndani, kuondoa chuma pale vinapobana, ili hewa ipite bila kukwaruzana na chochote. Vijana wote wa mbio wanafanya. Nikamwuliza tuna mbio gani sisi, za kupeleka mama kliniki?

"Injini itapumua."

"Kwani sasa inakufa?"

Tukabishana mpaka jioni, na kwa kweli nilifurahia, maana ubishi wa hedi ndio mazungumzo yetu. Nilimwambia ukweli anaoujua: kijia kikiwa kipana, hewa hupita polepole injini ikizunguka taratibu, na nguvu ya kupandia mlima inapungua. Faida inaonekana ukikanyaga mafuta hadi mwisho, nasi kwenye mteremko wetu wa mashimo hatukanyagi hadi mwisho hata tukifukuzwa. Yeye akasema nguvu ipo, ni kuzoea kubadili gia mapema. Nikasema mafuta yataisha kama maji kwenye pakacha. Akasema nitazame mbele.

Mwisho nikasema, "Na sauti? Ukizipanua, injini itabadilika sauti."

Akachukua tambara, akafuta kitu ambacho tayari kilikuwa safi.

10 Machi

Mama hakula.

12 Machi

Nilikata shauri nimwulize mtu mwenye hedi zilizopanuliwa. Bwana Maua hukodisha gari la harusi, na hata siku zisizo na harusi maua ya plastiki hayatoki kwenye boneti, ndiyo maana tunamwita hivyo. Alizipanua hedi zake mwaka jana. Alikuja kubadilisha plagi, nikamwomba anizungushe.

Barabara kubwa, baada ya gia ya tatu, sikatai: gari lilivuta pumzi ndefu likaondoka. Maji ya mvua yalikuwa yakiteleza kwenye kioo kwenda juu badala ya chini, na miti pembeni ikawa rangi tu, na kwa dakika hiyo nilimwelewa kila kijana aliyewahi kuniudhi. Nilitamani barabara isiishe.

"Unaona?" alisema Bwana Maua.

"Naona. Na kwenye harusi?"

Uso ukamshuka. "Dada'angu, usiniulize harusi."

Nikamwuliza hivyohivyo. Msafara wa harusi huenda mwendo wa mtu anayetafuta sindano, na gari lake kwa mwendo huo linashikwa na kwikwi. Linatetemeka, linakohoa, linataka kuzima. Mwezi uliopita bibi harusi alishuka akasema afadhali atembee. "Lakini kwenye barabara kubwa," akasema, "ni ndege." Nikamwambia sijasikia bibi harusi anayetaka kufika haraka hivyo, akacheka, lakini kwa uchungu.

Nikamsimulia Haraka. Nilidhani yamekwisha.

15 Machi

Haraka sasa anapanda mteremko kwa miguu. Leo aliingia amelowa, viatu mkononi. Mama alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu usiyemjua aliyekuja kwa shida. "Karibu, kijana. Umetumwa na mume wangu?"

Haraka akasema ndiyo.

"Amesema anakuja lini?"

"Karibuni, mama."

Mama akamshukuru na kumwambia asikae sana, wasije kumtafuta kwao. Nilikuwa jikoni, nikajisemea afadhali leo ameongea na mtu. Haraka alitoka nje akakaa kibarazani na viatu vyake, na nilipomwita kula alisema ameshiba.

17 Machi

Mchana wote nilikuwa peke yangu gereji. Haraka alikuwa amekwenda kwa Fundi Mashine, yule anayesawazisha nyuso za hedi zilizopinda, kupanga zamu yetu. Hedi ya kushoto ilikuwa juu ya meza, safi, na mvua ilikuwa ile isiyo na haraka, ya kuanguka tu.

Niliyeyusha vipande vya mishumaa, nikapaka mafuta ndani ya kijia kimoja, nikamimina nta. Ikiganda unaivuta, na kile kijia ambacho siku zote ni tundu, kitu ambacho hakipo, unakishika mkononi. Kilikuwa na shingo iliyopinda kidogo na mahali pa kubana karibu na valvu, kile kilango cha kufungia hewa. Nilikizungusha kwenye mwanga wa mlangoni. Niliwaza hewa iliyopita hapo miaka yote ile, ya safari zote za baba: ya alfajiri alipompeleka mama kujifungua Haraka, ambaye hakungoja mkunga, mama akampa jina hilohilo. Pumzi zote hizo zilipita kwenye shingo hii nyembamba na hakuna iliyobaki.

Kisha nikafanya jambo la kipuuzi. Nikachukua rangi ya bluu na brashi ndogo, nikapaka ndani ya vijia pale ambapo ningekata kama ningekuwa mtu wa kukata. Nilitaka kuona tu. Nikapaka cha pili, cha tatu, vyote, taratibu, nikifuata umbo la nta, na kwa kweli vilipendeza: bluu ikiingia ndani ya chuma mpaka isionekane mwisho wake. Sijui nilikaa pale muda gani. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ndiye ninayekataa.

Simu ya shangazi ndiyo iliyonishtua. "Njoo mbio, mama yako ametoka!"

Nilimkuta kwenye kona ya ukuta, amelowa chapachapa, akitazama chini barabarani. Alikuwa amekwenda kusikiliza karibu zaidi.

19 Machi

Mama ana homa. Anapumua kwa shida, kifua kinakoroma. Daktari amempa dawa, amesema tumpe vitu vya moto na tusimwache peke yake.

Maji yamenifika shingoni na nimeyamwaga kwa Haraka. Nilimwambia mbele ya shangazi kwamba gari lingekuwa limekwisha kufungwa kama si ndoto zake za kipuuzi. Kwamba mama ametoka mvuani kwa sababu yake. Kwamba baba angekuwepo angemwonea aibu.

Shangazi akaniambia, "Wewe nawe, ulimi!" Nikaingia ndani.

22 Machi

Homa imepungua. Hatusemezani.

23 Machi

Hatusemezani. Hedi zimetoka kwa Fundi Mashine zimesawazishwa. Kila mtu amebeba yake.

25 Machi

Mama amekunywa uji. Ameuliza kama gari limeonekana. Nimemwambia kesho kutwa.

Nashinda huku nyumbani, nashuka gereji saa ambazo Haraka hayupo. Naye nadhani anafanya vivyo hivyo. Naona alama zake tu: spana imehama, sakafu imefagiwa, kikombe changu kimeoshwa.

27 Machi

Nilifunga hedi yangu asubuhi. Nilipofika, ya kushoto ilikuwa imekwisha kufungwa, bolti zimekazwa, kazi safi. Nilisimama na mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyekuwa karibu kupuliza. Hatukubadilishana. Ni mara ya kwanza katika gereji hii. Nikajiambia ni hedi ileile ambayo baba ameifunga mara ngapi, itakuwa na nini cha ajabu, nikaendelea na kazi.

28 Machi

Niandike polepole.

Haraka aliwasha gari jioni. Mimi nilikuwa nyumbani na mama, dirisha wazi, mvua imetulia kidogo. Nilisikia injini ikishika na moyo ukanitulia, kisha nikasikia kwamba si yenyewe. Ilikuwa inachechemea. Upande mmoja ulikuwa unavuta pumzi kubwa na mwingine ndogo, kama watu wawili waliobeba meza moja, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Ilipanda mteremko hivyo, ikiyumba, ikafika konani, ikasita, ikabadili gia mahali pasipo pake.

Mama aliinuka kitandani. Hakugusa kitambaa chake.

"Kuna mgeni nje," alisema. "Anasitasita. Mbona haingii?"

Nilishuka ngazi nikiwa moto. Haraka alikuwa bado ndani ya gari, ameshika usukani.

"Umezipanua."

"Nimeipanua yangu."

"Nilikukataza!"

"Ulipaka bluu." Alisema hivyo bila kupaza sauti. "Nilirudi kutoka kwa Fundi Mashine nikakuta bluu, vijia vyote sita, kazi safi kabisa. Nikasema dada amekubali, hataki tu kusema. Wewe huwa husemi. Nikajua na yako umeipaka."

Nilimwona akilini mdogo wangu siku zile tusizosemezana, anasaga peke yake kwenye mvua, pengine anafurahi, akiifuata brashi yangu. Na mimi sikuifuta rangi wala sikumwuliza.

"Nilikuwa najaribu tu," nikasema. "Sikutaka gari libadilike. Unajua kwa nini. Mama—"

"Najua kwa nini." Hapo ndipo sauti ilipompasuka. "Dada, kila jioni mama ananishika mkono ananiita mume wangu. Ananieleza wasiwasi wake juu yangu mimi. Anasema, yule kijana wetu, Haraka, siku hizi haji kutuona, tumemkosea nini? Nami namjibu, atakuja. Nimekaa kwenye kiti cha baba, nasema atakuja. Nikija kwa miguu mimi ni mtu aliyetumwa. Tangu baba afe, mimi sijafika nyumbani hata siku moja."

Mvua ikaanza tena. Nilisimama nje ya mlango wa gari, yeye ndani, na injini ikiendelea kuchechemea kati yetu.

"Sikutaka nguvu," alisema. "Niliposema itapumua, nilisema uongo. Nilitaka isiwe sauti ya baba."

30 Machi

Siandiki mengi. Namtazama Haraka kama mtu niliyekutana naye juzi. Nilidhani saa ile ya jioni ni nzuri kwetu sote. Mimi nilikuwa jikoni, nakata vitunguu, nasikiliza. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye kiti.

2 Aprili

Fundi Mashine ni mtu wa kutia chumvi, akikwambia jambo ligawe mara mbili. Lakini leo alisema kweli: anayo hedi ya kushoto, nzima, ya injini kama yetu, imekaa chini ya mabenchi yake tangu enzi. Haijaguswa. Niliipuliza palepale, na mvumo wa baba ukatoka, uleule wa chini.

"Ichukue," alisema. "Gari la marehemu litarudi kama lilivyokuwa. Ile iliyochimbwa nitampa mtu wa mbio, atakushukuru."

Kumbe chuma kilichoondolewa hakirudi, lakini hedi nzima inaweza kurudi. Nilimwambia aniwekee. Nilitembea kurudi gereji chini ya mwavuli nikiwa na furaha ambayo sikuipenda.

5 Aprili

Mama hali chakula vizuri. Gari halipandi, tumeliacha chini. Haraka huja kwa miguu na huulizwa ametumwa na nani.

Leo nilimvua viatu mimi mwenyewe mlangoni, nikavianika. Alishangaa. Tumesemezana kuhusu viatu.

6 Aprili

Nimeshinda nikiwaza jambo moja, kwa duara, kama maji kwenye ndoo.

Kwa mteremko wetu, kupanua hedi hakuna faida. Nimepima, nimemwuliza mwenye nazo, nimepanda gari lake. Nguvu ya chini itapungua, mafuta yatakwenda, na ukuta wa kile kijia ni mwembamba: ng'ambo yake kuna njia ya maji, ukizidisha msasa kidogo unatoboa na hedi inakuwa kokoto. Mtu akinilipa nimshauri, ningemwambia funga ilivyo, nenda zako. Sijabadili mawazo.

Lakini nimejiuliza pia, nikirudisha hedi ya zamani, namrudishia nani? Mama atakula, hilo kweli, na mama asipokula naogopa. Na Haraka atarudi kwenye kiti. Atakuwa akijibu "atakuja" mpaka lini?

Na kuna lingine. Shangazi aliniuliza jana, katika maswali yake ya mara mbilimbili, "Na wewe, likifika konani, kwa nini unafumba macho?" Nikasema uchovu. Akauliza tena. Nikasema nimekwambia ni uchovu, shangazi. Akaendelea kuchambua mboga.

7 Aprili

Nimeifungua hedi ya kulia. Nimeipaka bluu.

8 Aprili

Nasaga. Mvua.

9 Aprili

Nasaga. Vumbi la chuma ni laini kama unga, linashika kwenye nyusi. Haraka aliingia, akaona, akasimama. Sikuzima mashine. Akavaa miwani yake, akakaa upande wa pili wa meza akanishikia taa, akiisogeza kabla sijamwambia. Tulikaa hivyo kutwa. Nilisikia kama nimo ndani ya kile kijia, natembea kwenye bluu, na kila nilipofika bluu ilikuwa inaisha na chuma kinang'aa.

10 Aprili

Kijia cha mwisho, karibu na njia ya maji, ukuta ulianza kulia sauti nyembamba. Nikaacha. Haraka alisema, "Bado kidogo, haujalingana na wangu." Nikasema nina hofu. Akasema, "Basi leta." Akaumaliza yeye kwa msasa, kwa kidole tu, bila mashine. Haukutoboka.

12 Aprili

Haraka ameifungua tena ya kushoto, tumebadilishana. Alichukua yangu, nikachukua yake. Nilipuliza. Mvumo wake ni mwingine, uko wazi zaidi, unaanza mbali kidogo na mdomo. Yeye akapuliza yangu. Ulikuwa uleule. Tulizirudia mara kadhaa bila sababu, tukacheka kwa sababu midomo yetu ilikuwa na vumbi jeusi kama watoto waliolamba sufuria.

Fundi Mashine amepiga simu kuuliza mbona sijaifuata hedi yangu. Nimemwambia amwuzie mwingine.

14 Aprili

Bwana Maua alipita mchana, akalisikia gari likiwashwa. "Karibuni chamani! Sasa niambie wewe mwenyewe, inafaa au haifai?"

"Kwa mlima, haifai," nikamwambia.

"Na kwa nini mmefanya?"

"Ngoja jioni."

Jioni nilipanda kabla ya Haraka, nikakaa na mama karibu na dirisha. Alikuwa amejifunga shali, anatazama mvua ikishuka kwenye kioo, na sahani iko mezani imefunikwa. "Baba yenu amechelewa," alisema. Nikasema, "Mm."

Kisha gari likaanza kupanda. Mwanzo wa mteremko lilisitasita kidogo, kama nilivyojua, halina nguvu ya chini. Haraka akabadili gia mapema, kabla ya kona. Halafu likafunguka. Sauti ikaja pana, safi, pande zote mbili kwa pamoja, ikapita kona ya ukuta bila kusimama. Sikufumba macho. Nililazimisha yabaki wazi, yakaniuma.

Mama aliinua kichwa. "Hilo gari silijui," alisema.

Nilishika mkono wa kiti. Tukasikia mlango wa gari, tukasikia hatua, na Haraka akatokea, akasimama pale mlangoni na maji yakimtiririka, hakuthubutu kuja ndani. Mama alimtazama muda mrefu. Uso wake ulikuwa unatafuta kitu, unakaribia, unapoteza, unarudi.

"Haraka," alisema. "Umelowa. Vua viatu."

Mdogo wangu alivua kimoja. Cha pili kilimshinda, kamba zilikuwa na matope.

"Na umekonda," mama akasema. "Siku zote hizi ulikuwa wapi? Mimi na baba yako tulikuwa na wasiwasi."

"Nilikuwa njiani, mama."

"Njia gani hiyo isiyoisha! Njoo ukae."

Akaja. Hakukaa kwenye kiti cha baba, alikaa chini miguuni pake, mtu mzima yule, na mama akaanza kumfuta kichwa kwa shali lake mwenyewe. Nikainuka kufunga pazia ili nisiwatazame. Nilikuwa nangoja. Kila jioni gari lilipokosekana alikuwa ameuliza, na sasa gari la baba halipo tena duniani, mimi mwenyewe nimelikata kwa mikono yangu, na swali lilikuwa lazima lije. Nilikuwa nimeandaa uongo wa kila namna. Halikuja. Mama alikuwa anamwuliza Haraka kama amekula.

Basi nikaliuliza mimi. Sijui kwa nini. Lilinitoka tu, nikiwa nimewapa mgongo. "Mama, na baba?"

Mkono wake ukaacha kufuta. Nilipogeuka alikuwa ananitazama mimi, kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto ambaye watu wamesahau kumwambia.

"Baba yenu tulimzika, mwanangu," alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha kama hivi. Hukumbuki?"

Nikamwambia nakumbuka. Akaifunua sahani, akaigawa mara tatu, akaniambia niache kulia, nile kabla chakula hakijapoa.